Maziwa Hayasafishi Mapafu ya Mchomeleaji

Wasomaji wanaochomelea Katwe, hapa Kampala, hawachoki kuuliza: je, maziwa yakinywewa baada ya kazi husafisha kifua? Hayasafishi. Maziwa huenda tumboni, mafusho huenda mapafuni.

Mtazame fundi akiunga bomba la geti lililopakwa zinki. Chuma huyeyuka karibu na nyuzi 1,500 za Selsiasi, lakini zinki huchemka kwa nyuzi 907 tu. Chuma kikiwa bado hakijayeyuka, zinki imeshakuwa mvuke. Mvuke huo hushika oksijeni ya hewani, ukapoa na kuwa ule moshi mweupe. Chembe zake nyingi hazifikii hata sehemu moja ya elfu ya milimita, ndiyo maana hupita puani na kooni hadi kwenye vifuko vya hewa. Huko seli za kinga huzimeza na kutoa kemikali zinazoamsha homa. Saa 4 hadi 12 baadaye fundi anatetemeka, viungo vinauma, mdomoni ana ladha ya chuma. Anayevuta zinki kila siku mwili wake huizoea. Akipumzika mwisho wa wiki mazoea hupotea, na Jumatatu homa humrudia.

Kwa kawaida homa hiyo huisha yenyewe kwa siku moja au mbili. Ndipo maziwa yanaposifiwa kwa kazi yasiyoifanya, sawa na vidonge vya malaria vilivyomezwa bila kupima. Wanaouza chupa za "kusafisha mapafu" wanakula jasho la mafundi bure. Tena wanawapa moyo wa kuendelea kuvuta mafusho ambayo mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliyaweka kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Shida ni kuyeyusha, na ipo njia isiyoyeyusha. Mwaka 1991 taasisi ya TWI ya Cambridge, Uingereza, ilivumbua uungaji wa kusugua na kukoroga. Pini ngumu huzunguka kwenye mpaka wa vipande viwili. Msuguano huilainisha metali, nayo pini huichanganya kama mwiko unavyosonga posho. Njia hii inafaa hasa kwa metali nyepesi zisizofanana, kama alumini na magnesiamu. Zikiyeyushwa pamoja, hizo hujenga tabaka nene linalovunjika upesi. Zikikorogwa bila kuyeyuka, tabaka hilo huwa jembamba zaidi, na mafusho hupungua mno. Ila mashine yake ni nzito na ghali, na vipande lazima vibanwe kwa nguvu. Geti la Katwe litaendelea kuchomelewa kwa umeme.

Basi kwangua zinki pembeni mwa kiungo kwanza. Fanyia kazi nje, upepo ukipiga kutoka ubavuni. Vaa barakoa ya N95. Kitambaa hakizuii chembe hizi. Ukipata homa, pima malaria na umwambie mhudumu ulichomelea nini. Kifua kikibana, nenda hospitali siku hiyohiyo.