Picha ya Dar ilinila mtaji, mizinga ya Inyonga ikaurudisha

Leo nasema na ninyi mnaopamba harusi kwenye miji yetu hii midogo. Na wewe unayeuza vitambaa na maua ya bandia, usipite, kuna lako hapa.

Mimi napamba Mpanda mjini. Mwanzoni kazi yangu ilikuwa moja tu: mteja anakuja na picha kwenye simu, kaitoa Instagram au Pinterest, anasema "nataka hivi hivi." Nami najibu "haina shida." Hiyo haina shida ndiyo iliyoniponza.

Kuna sendofu niliyoipata ya 900,000. Picha ilikuwa ya ukumbi wa Dar, ukuta mzima wa maua meupe nyuma ya meza kuu. Wakatanguliza nusu, 450,000. Nikaagiza maua Kariakoo, pamoja na usafiri ikawa 520,000, ile 70,000 ya juu nikakopa kikoba. Mzigo ukatembea zaidi ya kilomita 1,000 kwa basi, ukanifikia Ijumaa usiku, shughuli Jumamosi. Nafungua boksi, maua yana rangi ya maziwa yaliyolala, na hayafiki hata nusu ya ukuta. Muuzaji hapokei simu. Nikaziba kwa vitambaa vya satini vya kuazima. Kamati ikanikata 250,000. Ile 200,000 iliyobaki, vijana, gari na jenereta vikala 180,000. Fanya hesabu mwenyewe: nilimaliza kazi nikiwa nadaiwa 50,000.

Mwaka uliofuata akaja binti wa Inyonga, kule Mlele. Naye na picha yake. Safari hii nikamwambia, dada, weka simu pembeni kwanza. Nyumbani kwenu kuna nini? Akacheka. "Kwetu kuna nyuki tu." Baba yake anarina asali tangu ujana wake, ada za shule zilitoka kwenye mizinga. Nikasema basi, tumeshapata.

Tatizo likawa rangi. Harusi ilikuwa Oktoba, na aliyewahi kupita njia ya Inyonga kabla mvua hazijaanza anajua miombo inavyokuwa: majani machanga yanatoka mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine kama waridi, msitu wote. Tumezaliwa tunauona, lakini kuupeleka ukumbini hatukuwaza. Nikachukua jani, nikaweka na chupa ya asali kwenye kikapu, nikaenda navyo sokoni kwenye maduka ya vitambaa. Muuzaji alidhani nimechanganyikiwa. Ila ndugu zangu, shikeni hili: rangi ya kwenye simu inadanganya, kila simu na rangi yake. Nenda dukani na kitu chenyewe mkononi, toa kitambaa nje kwenye jua, linganisha.

Mzee akatuazima mizinga sita ya magome, ya zamani, ameshaacha kuitumia. Tukaining'iniza nyuma ya meza kuu kama inavyoning'inia mitini, ndani yake tukaweka taa za njano. Kila meza ya wageni chupa ndogo za asali zenye utepe wa rangi ya shaba, mtu anaondoka na yake. Asali alitoa mzee mwenyewe. Bei yangu ilikuwa 850,000, vifaa vikala 310,000, vijana na usafiri 190,000. Nikabaki na 350,000, na deni la kikoba nikalimaliza.

Msidhani ilikwenda kama maji. Asubuhi ya harusi, saa nne, nyuki wakaanza kuingia ukumbini mmoja mmoja. Kumbe mizinga ilikuwa bado na nta! Nikapiga simu kwa mzee, "Shikamoo baba, nyuki wamekuja." Akacheka kwanza, ndipo akaniambia tuikwangue, tuioshe kwa maji ya moto, chupa zote zifungwe, madirisha pia. Bahati shughuli ilikuwa ya usiku, giza lilipoingia wakaenda zao.

Tahadhari moja: usiende porini kubandua gome jipya kwa ajili ya pambo. Mti ukivuliwa gome kuuzunguka wote unakufa. Matawi ya msitu wa hifadhi usikate bila kibali, na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi usiokote kitu kabisa. Azima vya zamani, watu wanavyo uani.

Tangu hapo kila mteja namuuliza swali lile lile. Familia ya wavuvi wa Karema walinipa nyavu na karabai za kuvulia dagaa. Wakulima wa mpunga wa Mpimbwe, masuke na nyungo. Picha ya simu bado naitazama, siikatai, ila naitazama nione meza zimepangwaje na taa zimekaa wapi. Na siku hizi simpi mteja bei kabla sijaingia ukumbini na futi yangu nikapima ukuta.

Yale maua ya rangi ya maziwa bado yako stoo. Juzi kuna mama amepiga simu anayataka kwa kicheni pati. Nimemwambia, mama, njoo kwanza uyaone kwa macho yako.