Mombasa Haiishii Ufuoni

Kila ifikapo Desemba watu wa bara huteremka Mombasa kwa maelfu. Wapo wanaokuja kwa basi la usiku, na tangu mwaka 2017 wapo wanaokuja kwa reli mpya na kuteremkia Miritini. Wakishafika, wengi wao hawaingii kisiwani ila kwa kupita. Hupitiliza hadi Nyali, Bamburi na Shanzu, au huvuka Likoni wakaenda zao Diani. Huko hujilaza mchangani, hupanda ngamia, na siku ya kuondoka hupiga picha chini ya zile pembe za Barabara ya Moi, kisha wakarudi makwao wakisema wameiona Mombasa. Mimi nasema wameiona bahari.

Na kwa kuwa nimezitaja pembe, niseme neno moja juu yake tupite. Si pembe za ndovu hata kidogo, ni za alumini. Za kwanza zilisimamishwa mwaka 1952 kwa heshima ya Elizabeth wa Uingereza, na mwaka 1956, alipokuja mdogo wake Margaret, zikaongezwa nyingine. Kwa hiyo ni mapambo ya kuwapokea wageni wa serikali ya kikoloni, na mji huu una mambo ya zamani zaidi ya hayo kwa mamia ya miaka.

Mahali pa kuanzia ni Ngomeni. Hapo sina ubishi na vitabu vya watalii, isipokuwa jambo moja. Vitabu hivyo humfanya mgeni adhani kwamba Mombasa ilianza siku Mreno alipoweka jiwe la kwanza. La hasha! Ibn Battuta, yule msafiri wa Tangier, alipita hapa mwaka 1331 akaukuta mji wenye misikiti na watu wa dini. Wareno walipofika mwaka 1498 waliukuta mji huo huo, na mwaka 1505 wakauteketeza kwa moto. Fort Jesus walianza kuijenga mwaka 1593, karibu miaka mia moja baada ya kuja kwao, kwa kuwa watu wa hapa walikuwa wamekataa kutulia. Mchoraji wake alikuwa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Ngome ilisimamishwa juu ya mwamba wa matumbawe, na ukitazama ramani yake utaiona kama mtu aliyelala chali.

Ukifika langoni, msikilizaji, usiharakishe kuingia. Inua macho. Juu ya lango pana maandishi ya Kireno ya mwaka 1635, ambamo kapteni wa wakati huo anajisifu kwa kuwatiisha watu wa pwani. Maandishi hayo yana kisa chake. Miaka minne kabla yake, mwaka 1631, mfalme wa Mombasa, Yusuf bin Hasan, aliingia ngomeni akamwua kapteni wa Wareno na kuuteka mji. Yusuf huyu baba yake aliuawa kwa hila za Wareno. Yeye mwenyewe alichukuliwa angali mtoto akalelewa Goa, akabatizwa na kuitwa Jerónimo, akarudishwa hapa awe mfalme mtiifu. Utiifu wenyewe ukawa ndio huo! Wareno walituma jeshi la kumng'oa, likashindwa. Baadaye aliiacha ngome kwa hiari yake, akaingia baharini kuendelea kuwasumbua huko. Ndipo wenzao wakarudi katika ngome tupu, na kapteni akaandika sifa zake juu ya mlango.

Ndani kuna mengi. Iko nyumba ya Kiomani yenye dari nzuri, ziko michoro ya merikebu iliyochorwa ukutani na mabaharia wa Kireno, na viko vyombo vilivyotolewa katika merikebu ya Santo António de Tanna. Merikebu hiyo ilizama mbele ya ngome mwaka 1697, wakati wa mazingiwa makubwa. Waomani waliizunguka ngome tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, yaani miezi thelathini na mitatu. Waliokuwa ndani hawakuwa Wareno peke yao. Walikuwamo pia Waswahili waliokuwa upande wao, wanawake na watoto. Maradhi yaliwamaliza zaidi kuliko risasi. Maofisa wa Kireno walipokwisha kufa, kuna wakati ulinzi wa ngome ya mfalme wa Ureno ulishikwa na mtu wa Faza aitwaye Daud. Siku Waomani walipopanda kuta, Wareno waliobaki hai hawakufika hata ishirini. Simama juu ya ukuta unaotazama bahari ufikiri maana ya kungoja merikebu kutoka Goa kwa miezi thelathini na mitatu.

Baada ya hapo ngome ilipita mikononi mwa wengi, wakiwemo Mazrui, waliotawala hapa kwa karibu miaka mia moja, na ambao katika zama zao aliishi malenga Muyaka bin Haji. Waingereza waliifanya gereza kuanzia mwaka 1895 hadi 1958. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1960, na mwaka 2011 UNESCO ikaiandika katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini mawimbi hayajui orodha hiyo. Mwamba unaobeba ngome umekuwa ukiliwa na bahari, hata ikabidi ukuta ujengwe mbele yake kuzuia maji.

Ukitoka Ngomeni, usiite teksi. Shika Ndia Kuu kwa miguu. Wa bara watadhani jina hilo limekosewa herufi, halikukosewa. Kwa Kimvita njia ni ndia, na hii ndiyo iliyokuwa njia kuu ya mji. Hapa ndipo ninapowasihi wageni waende polepole, kwa kuwa uzuri wa Mji wa Kale uko juu ya kichwa: roshani za mbao zilizotokeza barabarani, zilizochongwa kwa mtindo wa Kihindi, na chini yake milango ya nakshi. Msikiti wa Mandhry, ambao inasemwa ulijengwa mwaka 1570, bado unasaliwa. Mbele kidogo, kwenye Bandari ya Kale, ziko ngazi za Leven zinazoshuka majini. Leven ilikuwa manowari ya Kapteni Owen, aliyekuja mwaka 1824 wakati Mazrui walipotaka bendera ya Uingereza iwakinge na Sayyid Said. Owen aliikubali, wakubwa wake London wakaikataa, na mwaka 1826 bendera ikateremshwa. Kijana aliyemwacha hapa awe mkuu, Luteni Reitz, alikufa kwa homa mwaka ule ule wa 1824. Wanaopanda matatu za Port Reitz kila asubuhi hutamka jina lake.

Sasa, nyumba zenyewe. Kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zimebebwa na boriti za mikoko. Kwa hiyo upana wa chumba haukuamuliwa na utajiri wa mwenyewe, bali na urefu wa boriti; tajiri alirefusha nyumba, hakupanua chumba. Kuta hizi hunywa unyevu na kuutoa. Mtu akizipaka saruji kwa nia njema ya kukarabati, unyevu hukosa pa kutokea, chumvi hula jiwe ndani kwa ndani, na boriti zikaoza kichwani, pale zilipochomekwa ukutani. Ukuta huonekana mpya hadi siku unapokatika.

Mji wa Kale una ofisi ya hifadhi chini ya Makumbusho ya Taifa, na mtu haruhusiwi kubomoa atakavyo. Hata hivyo, ukipita Kibokoni na Kuze utaona maghorofa ya saruji yamechomoza palipokuwa na roshani. Ni rahisi kuwalaumu wenye nyumba. Lakini nyumba nyingi ni za mirathi, zina warithi kumi na tano waliotawanyika, na fundi wa chokaa na boriti ni ghali kuliko fundi wa saruji. Kumwambia mjane asibomoe, kisha usimpe hata gunia la chokaa, si hifadhi. Ni kuisubiri nyumba ianguke yenyewe. Kama ada inayotozwa mgeni langoni mwa ngome ingetoa hata sehemu ndogo kwa ajili ya nyumba zilizo mita mia moja kutoka hapo, maneno yangu haya yasingekuwa na haja.

Mgeni naye ana wajibu wake. Haya ni makazi ya watu, si jukwaa la maonyesho. Vaa nguo za heshima, piga hodi, omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na ununue kitu: kahawa tungu na kashata, viazi karai, leso za Barabara ya Biashara. Jioni nenda Mama Ngina, chini ya mibuyu, ule mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili huku ukitazama meli kubwa zikiingia Kilindini. Pale palitengenezwa upya mwaka 2019, na ni bure.

Na kwa wale ambao hata baada ya haya watakimbilia hoteli za kaskazini, wakivuka daraja la Nyali watapita Kengeleni. Wamwambie dereva apunguze mwendo. Mtaa huo unaitwa hivyo kwa sababu ya kengele ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamisheni katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Kengele ikilia, wanakijiji walijua kwamba hatari inakuja. Iko pale njia panda mpaka leo, na magari huizunguka usiku na mchana.