Kwa Miguu Juu ya Madaraja ya Brugge

Katika nchi yetu mtu akitaja daraja, twafikiri mara moja juu ya mto. Mto uko pale tangu zamani, na binadamu alikuja nyuma akatafuta njia ya kuuvuka. Huko Brugge, katika nchi ya Ubelgiji, mambo yamechanganyika. Maji mengine yaliletwa na mto mdogo uitwao Reie, mengine yalichimbiwa njia na watu kwa mikono yao, na bahari nayo iliwahi kusogea karibu ikautajirisha mji. Kisha bahari ikaenda zake. Habari hiyo ya bahari kuondoka ndiyo iliyotuvuta kwenda kuuona mji wenyewe.

Tulipanda gari la moshi mjini Bruxelles asubuhi, na baada ya saa moja hivi tulikuwa tumekwisha fika. Mji huu Wafaransa huuita Bruges, lakini wenyeji husema Brugge. Wengi hudhani kwamba maana yake ni daraja, kwa sababu katika Kiflama daraja huitwa brug. Lakini wako wataalamu wa lugha wasemao kwamba jina limetoka kwa mabaharia wa kaskazini, na kwamba maana yake ni gati. Basi tuliazimu jambo moja: tusipande mashua za wageni, wala magari ya farasi, bali tufuate maji kwa miguu, daraja kwa daraja, mpaka tuone hilo gati lilikuwa wapi.

Kutoka kituoni mtu hupokewa kwanza na bwawa refu liitwalo Minnewater, na juu yake bata-maji weupe wenye shingo ndefu. Juu ya ndege hao pana hadithi ya mwaka 1488. Watu wa Brugge walimwasi mtawala wao Maximilian wa Austria, wakamfungia ndani ya nyumba moja ya sokoni, na mtumishi wake mkuu, Pieter Lanchals, wakamkata kichwa. Jina la Lanchals lafanana na maneno ya Kiflama yenye maana ya shingo ndefu. Wenyeji husimulia kwamba Maximilian alipofunguliwa aliwaamuru kuwalisha bata-maji daima, ili wasimsahau yule waliyemwua. Amri hiyo huenda ni hadithi tu. Kifo cha Lanchals ni historia.

Hapo karibu twavuka daraja la matao matatu, lenye lango la mwaka 1776 upande wa pili. Ndani yake kelele zote zakoma. Pana nyasi, miti mirefu, na nyumba nyeupe zilizouzunguka uwanja. Mahali hapa palianzishwa mwaka 1245 kwa ajili ya Wabegina, yaani wanawake walioishi pamoja kwa sala na kazi bila kufunga nadhiri za daima kama watawa. Walijitafutia chakula kwa mikono yao, na aliyetaka kuolewa aliweza kuondoka. Mwaka 1927 nyumba hizo ziliingiwa na masista Wabenedikto. Tulikaa pale muda mrefu kuliko tulivyokusudia. Bibi mmoja mzee aliyekaa juu ya benchi alitutazama, akacheka, akaonyesha viatu vyetu. Kweli, mawe ya barabara za Brugge ni ya mviringo, na kwa viatu vya kwenda kanisani yaumiza sana!

Mbele kidogo umesimama mnara wa Kanisa la Mama Yetu, wenye urefu wa zaidi ya mita 115, wa matofali ya kuchoma toka chini hata juu. Ndani yake mna sanamu ya marimari iliyochongwa na Michelangelo: Bikira Maria ameketi, na Mtoto Yesu amesimama kati ya magoti yake, kana kwamba sasa hivi atashuka aende zake. Wafanya biashara wa nguo wa Brugge, wa ukoo wa Mouscron, ndio walioinunua kule Italia. Mwaka 1794 Wafaransa waliichukua wakaipeleka kwao, ikarudishwa baada ya Napoleon kuanguka. Mwaka 1944 askari wa Ujerumani, wakiwa katika kukimbia, waliifunga kati ya magodoro wakaiba mara ya pili. Ilionekana mwaka 1945 ndani ya machimbo ya chumvi huko Altaussee, Austria. Sasa imewekwa nyuma ya kioo, mbali na watu. Mbele yetu watoto wa shule walikuwa wakihesabu vidole vya miguu vya Mtoto, wasikubaliane.

Nyuma ya kanisa hilo pana daraja dogo la mawe, lenye nyasi katika nyufa zake, ambalo wageni wote hulipiga picha wakidhani ni la kale kuliko yote. Jina lake ni daraja la Bonifacius, nalo lilijengwa mwaka 1910. Nasi tulidanganyika. Twalitaja si kwa kuudharau mji, bali ili mtu ajue kwamba uzee wa Brugge mara nyingine umesaidiwa na mafundi wa siku za karibu. Anayetaka daraja la kale kweli na aende kwenye daraja la Waagustino, upande wa kaskazini wa soko, ambalo lilianza katika karne ya 13.

Tukaendelea kando ya maji mpaka daraja lenye sanamu ya Mtakatifu Yohane Nepomuk. Padri huyu alitupwa mtoni toka juu ya daraja kule Prague mwaka 1393, na kwa hiyo Wakristo wa Ulaya humweka juu ya madaraja yao awe mlinzi. Baada yake tu yafuata mahali panapoitwa Rozenhoedkaai, yaani Gati la Rozari. Hapo mfereji wapinda, na nyumba zimeingia majini hata kuta zake zimeota ukoka wa majani. Watu ni wengi mno. Ilitubidi kungoja zamu ili kuegemea ukuta. Maduka ya chokoleti yamejipanga pande zote, na harufu yake nzuri yatoka nje hata barabarani. Tuliwakumbuka wakulima wa kakao wa Beni, ambao wengi wao hawajaonja kitu kinachotokana na jasho lao.

Soko la samaki lenye nguzo za mawe, la mwaka 1821, tulilipita upesi, kisha tukavuka kuingia uwanja wa Burg. Pembeni pana basilika ndogo ya Damu Takatifu. Mapokeo yasema kwamba Konte Thierry aliileta chupa yenye Damu ya Bwana kutoka Nchi Takatifu mwaka 1150, ingawa maandiko ya kwanza yanayoitaja ni ya karne iliyofuata. Kila mwaka, siku ya Kupaa Bwana, chupa hiyo huzungushwa mjini kwa maandamano makubwa. Kutoka hapo hatua chache zafika soko kuu na mnara wake wa kengele, mita 83, ngazi 366, kengele 47. Tulipanda. Wenye magoti mabovu wasijaribu.

Lakini juu ya mnara ndipo tulipoanza kuelewa. Upande wa kaskazini nchi ni tambarare kama meza, na bahari i mbali. Jengo la mashariki ya soko lilikuwapo mahali pa ghala kubwa lililojengwa juu ya maji yenyewe. Mashua ziliingia chini ya dari na kushusha sufu bila kunyeshewa. Ghala hilo lilibomolewa mwaka 1787, na mto Reie ukafunikwa. Basi hatua tuliyokanyaga sokoni ilikuwa zamani njia ya mashua.

Tuliufuata mto huo usioonekana mpaka kiwanja cha Jan van Eyck, ambapo maji yatokea tena juu ya nchi. Tulimwuliza mzee mmoja aliyekuwa akipita na mbwa wake: “Mzee, bandari ya zamani i wapi?” Akajibu kwa Kifaransa cha polepole: “Mmesimama mbele yake.” Akatuonyesha nyumba ambayo wafanya biashara walilipia ushuru, na upande ambako ilisimama winchi kubwa ya mbao. Watu walitembea ndani ya magurudumu yake ili kuinua mizigo, kama panya ndani ya mtego. Merikebu kubwa za bahari hazikufika hapa. Ziliishia chini, Damme na Sluis, na mashua zikaleta shehena.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka 1134 tufani ya bahari ilifungua mkono wa maji ulioitwa Zwin. Watu wa Brugge walichimba mfereji kuufikia, na mji wa Damme ukazaliwa. Mwaka 1277 merikebu za Genoa zilifika, na baadaye za Venezia. Sufu ilitoka Uingereza, viungo vilitoka mashariki, na mbele ya nyumba ya ukoo wa Van der Beurze wafanya biashara walikutana kupatana bei. Ndilo asili ya neno bourse la Kifaransa. Kisha, katika karne ya 15, mchanga na tope vikaijaza Zwin. Walichimba, ukajaa tena. Lakini mchanga haukuwa na kosa peke yake. Maximilian, kwa hasira ya maasi yale, aliwahimiza wageni wahamie Antwerpen, nao wakahama. Mji ambao umefunga mlango wa mtawala na mlango wa bahari pamoja wabaki na nini?

Ulibaki na nyumba zake. Katika karne ya 19 Brugge ulikuwa mji maskini. Wanawake wengi waliinama juu ya lesi toka alfajiri kwa ujira mdogo, na hakuna aliyekuwa na fedha za kubomoa na kujenga upya. Hivyo ukale ukasalimika, na mwaka 2000 shirika la UNESCO likauandika kati ya urithi wa dunia. Mzee wetu hakuonekana kufurahi sana. Alisema kwamba katika barabara yake nyumba nne zimekwisha kuwa malazi ya wageni, na kwamba jioni, mashua zikifungwa, huweza kutembea mwendo mrefu bila kumpata wa kusalimiana naye. Akatuuliza kama kwetu majirani huamkiana. Tulimwambia ndiyo, hata kupita kiasi.

Alitushauri tusirudi njia ile ile, bali twende mashariki kufuata maji ya Spiegelrei, kisha mtaa wa Mtakatifu Anna, ambako wageni ni wachache na nguo zaanikwa madirishani. Huko ndiko alikozaliwa mwaka 1830 Padri Guido Gezelle, mshairi mkubwa wa Kiflama. Mwisho wa mtaa pana boma la udongo na vinu vya upepo. Kimoja, cha mwaka 1770, kingali kwenye mahali pake.

Chini ya vinu hivyo upo mfereji mpana unaouzunguka mji. Tulipotaka kuvuka penye lango la Kruispoort, kengele ililia, na daraja lenyewe likainuka mbele yetu. Wanafunzi wenye baisikeli wakasimama, na mama mwenye kikapu, na sisi. Likapita jahazi refu la chuma, polepole, likielekea upande wa Oostende. Lilikuwa limejaa mchanga hata ukingoni. Daraja likashuka, nasi tukakimbilia kituoni kwa miguu inayouma, gari la moshi likiwa limebakiza dakika tatu.