Amerika ya Kusini: Bara Linaloamuliwa na Mlima

Amerika ya Kusini ina nchi huru 12, pamoja na Guyana ya Kifaransa ambayo hadi leo inatawaliwa kutoka Paris. Eneo lake ni karibu kilometa za mraba milioni 17.8, na Brazili peke yake imechukua takriban nusu. Wabrazili husema Kireno, majirani zao wengi Kihispania, Guyana Kiingereza na Suriname Kiholanzi. Pamoja na ukubwa wote huo, Ufaransa pekee hupokea watalii wengi kuliko nchi za bara hili zikijumlishwa. Vivutio si haba, ila viko mbali: mbali na Ulaya, na mbali kimoja na kingine. Anayetaka kujua vimekaaje aanze na milima ya Andes.

Safu hii hutoka Venezuela hadi ncha ya kusini, mwendo wa kilometa 7,000 hivi, ikiambaa na Bahari ya Pasifiki. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Aconcagua kilichoko Argentina, kina mita 6,961, yaani kinaizidi Kilimanjaro kwa zaidi ya mita elfu moja. Pepo zenye unyevu huvuma kutoka Atlantiki, zikikutana na ukuta huo humwaga mvua upande wa mashariki, na maji yake huulisha mto Amazon na msitu wake. Upande wa magharibi mambo ni kinyume. Mkondo baridi wa Humboldt hupoza hewa ya pwani, mawingu ya mvua hayajengeki, na matokeo yake ni Atacama, jangwa kavu la kaskazini mwa Chile. Lima, mji mkuu wa Peru, hukaa miezi mingi chini ya ukungu, lakini mvua ya maana haupati.

Ukavu huo umekuwa mtaji. Kwa kuwa anga la Atacama halina mawingu wala taa nyingi, wanasayansi wamejenga huko baadhi ya darubini kubwa kuliko zote duniani, na mji mdogo wa San Pedro de Atacama unaishi kwa wageni wanaokuja kutazama nyota. Ng'ambo ya mpaka, Bolivia, kuna uwanda wa chumvi wa Uyuni wenye zaidi ya kilometa za mraba 10,000. Mvua ikinyesha, maji machache husimama juu ya chumvi na kuakisi mbingu yote.

Milima ina masharti yake. Ndege kutoka Lima hufika mji wa Cusco kwa muda wa saa moja na ushee, lakini abiria ametoka usawa wa bahari na kupandishwa hadi mita 3,400. Kichwa huuma, pumzi hukatika, na hoteli humpokea kwa chai ya majani ya koka. Mwenye busara hupumzika siku mbili kabla ya kwenda Machu Picchu.

Mji huo wa mawe ulijengwa na Wainka katika karne ya 15. Wakulima wa jirani waliujua siku zote. Ulimwengu wa nje uliusikia baada ya Mmarekani Hiram Bingham kufikishwa hapo mwaka 1911. Watalii wengi huenda kwa treni hadi bondeni, kisha basi. Wengine hutembea siku nne kwa njia ya kale ya Wainka, ambayo huruhusu watu 500 tu kwa siku, wapagazi na waongozaji wakiwamo, na hufungwa kila Februari ili itengenezwe. Sheria ya Peru inamzuia mpagazi kubeba zaidi ya kilo 20, kiwango ambacho wapagazi wa Kilimanjaro wanakifahamu vizuri.

Ekwado nayo imechagua wageni wachache wanaolipa zaidi. Visiwa vyake vya Galápagos, karibu kilometa 1,000 baharini, vilizuriwa na Charles Darwin mwaka 1835. Mkondo wa Humboldt hufika mpaka huko, ndiyo maana pengwini wanaishi jirani na ikweta. Agosti 2024 kiingilio cha wageni wengi kutoka nje kilipandishwa kutoka dola 100 hadi 200.

Mashariki mwa Andes, maji ndiyo utalii wenyewe. Manaus, katikati ya Amazon, bado ina jumba la opera lililofunguliwa mwaka 1896 kwa fedha za zao la mpira. Siku hizi wageni hupanda boti kwenda kulala msituni. Kusini zaidi, mto Iguazu huporomoka kwa mikondo ipatayo 275 mpakani mwa Brazili na Argentina, na kila nchi ina hifadhi yake na kiingilio chake. Kwenye pwani ya Brazili, Rio de Janeiro huvuta watu kwa fukwe na kanivali. Salvador, jimboni Bahia, ina mvuto wa namna nyingine. Wakazi wake wengi ni wazao wa Waafrika waliopelekwa utumwani, na barabarani wanawake huuza acarajé, ambayo Mswahili ataitambua mara moja: bajia za kunde, ila zimekaangwa kwa mawese.

Mwisho wa bara ni Patagonia, nchi ya upepo na barafu, ambako meli za Antaktika hung'oa nanga Ushuaia. Huko msimu mzuri ni Desemba hadi Februari, wakati Cusco inalowa mvua. Cusco hukauka Juni hadi Agosti, wakati kusini kumeganda. Safari moja haitoshi kwa yote mawili. Msafiri achague kwanza mwezi, na mwezi utamchagulia nchi.