Kigezo cha Aina katika Ngazi za Klasi: Mfano wa Java

Makala haya yanajadili dhana moja potofu katika uandishi wa programu: kwamba uhusiano baina ya aina mbili hurithiwa na vyombo vinavyozibeba. Kisemantiki, embe ni hiponimu ya tunda. Je, kapu la maembe ni kapu la matunda? Kwa mwenye kutoa, ndiyo, kwani kila atoacho ni tunda. Kwa mwenye kutia, sivyo: aliyeruhusiwa kutia tunda lolote aweza kutia nanasi, na kapu likaacha kuwa la maembe.

Katika Java, safu ya maembe huhesabiwa kuwa safu ya matunda. Hivyo kosa hudhihirika programu inapoendeshwa. Vigezo vya aina, vilivyoingizwa katika lugha hiyo mwaka 2004, hulizuia mapema, msimbo unapotafsiriwa. Panapohitajika unyumbufu, mwandishi hana budi kubainisha dhima ya kapu. La kutolewa matunda liwe la tunda au aina yoyote iliyo chini yake. La kutiwa maembe liwe la embe au aina yoyote iliyo juu yake. Kwa hiyo, mpaka wa kigezo huamuliwa na matumizi ya chombo, wala si na ngazi za klasi pekee.