Mikunde na Viungo vya Jikoni: Tutenganishe Chakula na Dawa



Katika toleo hili tunazungumzia mambo ya jikoni: maharage, kunde, mbaazi, choroko, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili. Ni vitu vidogo ambavyo kila kaya ya Masanze inavijua. Lakini tunaandika kwa sababu tuna kosa letu la kusahihisha.

Katika mafunzo yetu ya awali ya lishe tuligawa kipeperushi cha ukurasa mmoja. Upande mmoja kilieleza vyakula vya kujenga mwili. Upande wa pili kilikuwa na orodha fupi: "kitunguu saumu – presha, mdalasini – kisukari, tangawizi – kifua". Hatukueleza zaidi. Baadaye mzee mmoja wa kanisa, aliyekuwa akimeza vidonge vya presha kila siku, aliviacha na kuanza kutafuna kitunguu saumu asubuhi na jioni. Alijisikia vizuri kwa miezi kadhaa, kisha akapata kiharusi. Leo anatembea kwa mkongojo. Hatuwezi kusema kwamba karatasi yetu peke yake ndiyo iliyomfanya aache dawa, kwani maneno hayo yanasemwa kila mahali. Lakini karatasi ile ilikuwa na nembo ya kanisa, naye aliiamini. Tumeiondoa. Makala hii inachukua nafasi yake, na tunaomba isomwe katika vikao vyenu.

Tulichokiona Masanze

Ukipita barabara ya Kilosa hadi Mikumi wakati wa mavuno, utaona magunia ya mbaazi na choroko yakisubiri lori. Ukiingia jikoni katika kaya hizo hizo, mara nyingi utakuta ugali na mboga za majani zilizochemshwa kwa maji mengi. Mikunde inauzwa na watoto wanabaki na mchuzi. Tulipouliza sababu, majibu yalikuwa mawili. La kwanza ni shida ya fedha, na hilo tunalielewa. La pili lilitushangaza: "Hicho ni chakula cha wasio na kitu."

Mwaka 2017 serikali ya India iliweka ukomo wa mbaazi zinazoingia nchini humo. Kwa kuwa India ndiyo mnunuzi wetu mkubwa, bei ya mbaazi nchini ilianguka vibaya. Tuliona kaya zilizobaki na magunia ya mbaazi chumbani huku zikikopa fedha za kununua dagaa. Si vibaya kula dagaa, lakini chakula kizuri kilikuwa tayari ndani ya nyumba.

Hapo ndipo tulipoelewa tatizo lenyewe. Tunadharau kinachojenga mwili, kisha tunatukuza kinachokoleza mchuzi tu.

Ndani ya punje moja kuna nini?

Gramu 100 za maharage makavu zina protini gramu 20 au zaidi. Kiasi hicho hicho cha unga wa mahindi kina takriban gramu 8 hadi 10. Tena protini hizi mbili husaidiana. Mahindi yana upungufu wa kijenzi cha protini kiitwacho laisini, ambacho mikunde inacho kwa wingi. Mikunde nayo ina upungufu wa methionini, ambayo nafaka inayo. Kwa hiyo bibi zetu waliopika makande, au waliopakua wali na mbaazi za nazi, walikuwa wakifanya jambo ambalo sayansi ililieleza baadaye.

Mikunde ina madini ya chuma, zinki na potasiamu. Ina pia vitamini iitwayo foleti, ambayo mama anaihitaji tangu siku za kwanza za ujauzito ili kupunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Nyuzinyuzi zake huzuia sukari kupanda ghafla baada ya mlo na husaidia kupunguza lehemu katika damu. Kwa hiyo wenye kisukari na wenye presha, ambao wengi wao huambiwa waache maharage, ndio wanaofaidika nayo.

Jambo hili si dogo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Mwaka 2010 walikuwa asilimia 42. Tumepiga hatua, lakini katika kila watoto 10 bado 3 hawajafikia kimo cha umri wao. Mikunde peke yake haitamaliza udumavu, kwa kuwa maji safi, chanjo na maziwa ya mama vina nafasi yake. Lakini mikunde ni msaada ambao mkulima wa Masanze anao tayari shambani.

Dhana tunazokutana nazo

*"Maharage na pilipili huleta vidonda vya tumbo."* Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Robin Warren na Barry Marshall, waligundua kwamba vidonda vingi vya tumbo husababishwa na bakteria. Wengi hawakuwaamini, hata Marshall akanywa bakteria hao mwenyewe ili kuonyesha kwamba huathiri tumbo. Mwaka 2005 walipewa Tuzo ya Nobel. Chanzo kingine kikubwa ni kumeza ovyo dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Pilipili inaweza kumwongezea maumivu mtu ambaye tayari ana kidonda, na huyo aipunguze. Lakini haileti kidonda. Mwenye maumivu ya tumbo ya mara kwa mara akapimwe, kwani bakteria hao wana dawa.

*"Maharage yanajaza gesi, hayafai kwa wazee."* Gesi inatokana na aina za sukari ambazo utumbo hauwezi kusaga, na bakteria wa tumboni huzichachusha. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha pika kwa maji mapya. Gesi itapungua na kuni zitapungua pia. Asiyezoea aanze na kiasi kidogo, tumbo huzoea.

*"Bila magadi maharage hayaivi."* Ni kweli magadi huharakisha kuiva. Lakini huharibu vitamini B1 na kuongeza sodiamu, ambayo haimfai mwenye presha. Kuloweka hufanya kazi hiyo bila hasara.

*"Maharage yaliyoiva nusu hayana neno."* Hapa dhana ni ya hatari. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo huondolewa na mchemko mkali. Punje chache zisizoiva zinaweza kumtapisha mtu na kumharisha. Yachemke kwa nguvu nusu saa kabla ya kupunguza moto, kisha yapikwe hadi yalainike. Wanaotumia kapu la kuhifadhi joto wasiyaweke humo kabla ya mchemko huo.

*"Mikunde huleta gauti."* Vinavyoongeza hatari ya gauti ni pombe, nyama nyingi nyekundu, maini na baadhi ya samaki. Tafiti hazijaonyesha kwamba mikunde ina hatari hiyo. Mwenye ugonjwa wa figo, hata hivyo, afuate kiasi atakachopangiwa na daktari wake.

*"Karanga zenye ukungu zikikaangwa ukungu unakufa."* Ukungu unaweza kufa, lakini sumu yake, yaani sumukuvu, haiondoki kwa moto wa jikoni. Mwaka 2016 watu 68 waliugua kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao walifariki. Chanzo kikubwa kilikuwa mahindi, lakini karanga hushambuliwa vilevile. Karanga zenye ukungu zisiliwe, zisisagwe na wala zisipewe kuku.

Tunaongeza jambo moja ambalo wengi hawalijui. Chai inayonywewa pamoja na mlo huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika kunde na maharage. Chai inywewe saa moja au mbili baada ya chakula. Badala yake kamulia limau kwenye kunde, au kula na embe, chungwa au papai, kwa sababu vitamini C husaidia chuma kufyonzwa.

Viungo: vinafaa, lakini kwa kazi yake

Mkoa wetu wa Morogoro umebarikiwa viungo. Milima ya Uluguru inatoa mdalasini, pilipili manga, karafuu na iliki. Faida ya kwanza ya viungo ni ladha. Chakula kilichokolezwa vizuri huhitaji chumvi kidogo, na mtoto aliyekataa kunde za maji na chumvi huzila zikiungwa kwa kitunguu, nyanya na bizari. Kwa mwenye presha, kupunguza chumvi kwa njia hii ni faida ya kweli.

Zipo faida nyingine zilizothibitishwa kwa kiasi. Tangawizi hupunguza kichefuchefu, hata cha ujauzito, ikitumiwa kidogo. Kitunguu saumu, kikitengenezwa kama vidonge vya kipimo maalumu, kimeonekana kushusha presha kidogo katika baadhi ya majaribio. Lakini kushusha kidogo si kutibu, na hakuna anayejua kipimo kilichomo katika punje uliyotafuna asubuhi. Mdalasini umejaribiwa kwa wenye kisukari na matokeo yanapingana. Manjano yana kemikali iitwayo kurkumini, lakini ni asilimia chache tu ya unga wake, na mwili huifyonza kwa shida.

Viungo vinaweza pia kugongana na dawa. Utafiti uliofanyika Marekani mapema miaka ya 2000 ulionyesha kwamba vidonge vya kitunguu saumu vilipunguza kwa takriban nusu kiasi cha dawa mojawapo ya kufubaza virusi vya UKIMWI mwilini. Anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda naye amweleze daktari kabla ya kutumia tangawizi au kitunguu saumu kwa wingi. Kiasi cha kawaida cha mchuzini hakina tatizo.

Dhana inapogharimu uhai

Afrika Kusini ilijifunza kwa uchungu. Katika miaka ya 2000 waziri wake wa afya, Manto Tshabalala-Msimang, alisifu kitunguu saumu, limau na kiazisukari kwa watu wenye virusi vya UKIMWI, wakati serikali ilikuwa ikichelewesha dawa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walikadiria mwaka 2008 kwamba ucheleweshaji huo uligharimu maisha ya watu zaidi ya 330,000 kati ya mwaka 2000 na 2005.

Nasi tusiwanyooshee wenzetu kidole. Tunakumbuka mwaka 2011, maelfu walipofunga safari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu wa kanisa letu. Wapo walioacha dawa zao wakiamini wamepona. Mwaka 2020, wakati wa korona, tangawizi na limau viliuzwa kuliko kawaida. Kinywaji cha moto hutuliza koo, lakini Shirika la Afya Duniani lilieleza wazi kwamba hakuna ushahidi kuwa kitunguu saumu huzuia ugonjwa ule.

Hatuwacheki watu hawa. Mtu anayetembea mbali hadi zahanati, akakuta dawa hakuna au nauli imemwishia, ana sababu ya kutafuta kilicho karibu na cha bei nafuu. Ndiyo maana hatutoshelezi kwa kusema "acheni imani potofu". Tunapaswa pia kumsaidia ndugu huyo kufika kliniki.

Tunachoomba

Kwa kamati za sharika: kipeperushi cha zamani kikionekana, kiondolewe. Katika vikundi vya akina mama, fanyeni mafunzo kwa kupika, si kwa kusoma tu; sufuria moja iliyolowekwa na moja isiyolowekwa zitafundisha kuliko hotuba. Waalikeni na akina baba, kwa kuwa mara nyingi wao ndio wanaoamua gunia lipi liuzwe. Kila kaya iweke akiba ya mikunde ya jikoni kabla ya lori kufika. Na wazee wa kanisa wanapotembelea wagonjwa, waulize kwa upole: "Dawa zako bado unazo? Unazimeza?"

Kwa mbegu hatuna haja ya kwenda mbali. Kituo cha Utafiti wa Kilimo Ilonga, kilichopo hapa hapa wilayani Kilosa, ndicho kilichotoa mbaazi za Komboa, Mali na Tumia, kunde za Fahari, Tumaini na Vuli, na choroko za Nuru na Imara. Mizizi ya mazao haya huipa ardhi naitrojeni, kwa hiyo mahindi yatakayofuata nayo yatanufaika.

Kwa wafadhili: hatuombi mashine kubwa. Mahitaji yetu ni mbegu bora za kuanzia, mifuko ya kuhifadhia isiyopitisha hewa ili fukusi wasimalize maharage kabla ya miezi ya njaa, na vipimo vya presha kwa sharika zilizo mbali na zahanati. Kwa vipimo hivyo, mtu anayesema "kitunguu kimeniponya" atajionea namba mwenyewe, bila kubishana na mtu.

Bwana aliwaonya wale waliotoa zaka ya mnanaa, bizari na jira wakaacha mambo makuu ya sheria. Jikoni kwetu nako bizari ina nafasi yake, lakini isichukue nafasi ya sahani ya kunde mbele ya mtoto wala ya kidonge mkononi mwa mgonjwa.



Mratibu wa Miradi, Dayosisi