Usihukumu kwa Picha Moja

Leo nakualika utazame juu, mbali kupita nyota zote unazoziona kwa macho.

Chukua sinia, liinue usawa wa macho, ulitazame kwa ukingo. Hulioni tena duara. Unaona mstari mwembamba. Ndivyo inavyoonekana galaksi iitwayo NGC 4565, mkusanyiko wa mabilioni ya nyota uliotuelekezea ukingo wake. William Herschel, aliyewahi kuwa mpiga kinanda wa kanisa mjini Bath, Uingereza, aliigundua mwaka 1785. Mwanga wake husafiri makumi ya mamilioni ya miaka hadi kutufikia.

Siku hizi watu wa kawaida huitazama kwa darubini za nyumbani. Lakini mwenye haraka haioni. Macho huhitaji karibu nusu saa gizani, bila taa wala simu. Hata hapo, kinachoonekana ni ukungu mwembamba tu.

Wanaoipiga picha nao hujifunza subira. Picha moja ya dakika chache hutoka hafifu, imejaa chengachenga. Hawaitupi. Hupiga nyingine na nyingine kwa saa kadhaa, kisha huziunganisha kwa kompyuta. Chengachenga hubadilika katika kila picha, hivyo hufifia. Mwanga wa kweli hubaki mahali pake, hivyo hujijenga. Ndipo hujitokeza wazi hata ule mstari mweusi wa vumbi unaopita katikati ya galaksi.

Ndugu yangu, huenda umemwombea mtoto mgonjwa mwaka mzima. Jana usiku maneno hayakutoka, ukalala ukijiuliza kama kuna anayesikia. Usiihukumu imani yako kwa usiku mmoja. Siahidi kwamba utapata ulichoomba. Wapo walioomba, wakazika. Lakini ziweke siku zako pamoja: jirani aliyeleta uji, nguvu za kuamka ulizodhani huna, wimbo uliokujia njiani. Kila kimoja peke yake ni hafifu. Vikiwa pamoja, utaona ni nani aliyebaki mahali pake wakati mengine yote yakibadilika.

Zaburi ya 147 inaweka jirani mambo mawili: Mungu anayewaganga waliovunjika moyo, na Mungu anayezijua nyota. Ni yule yule mmoja.

Usiku wa leo, kabla ya kulala, andika jambo moja la neema uliloliona, hata likiwa dogo. Kesho ongeza lingine.

Jumapili njema.